Mpunga wa Safu ya Pili

Siku tatu mfululizo niliutazama mgongo wa wifi yangu. Alikaa mbele kwenye mtumbwi, miguu ameikunja, donge la kamba limekaa ndani ya ungo nyuma yake, na kamba yenyewe imepita kwenye pete ya gome iliyoshonwa begani pa gauni lake, ikashuka mpaka mikononi. Mimi nilisimama nyuma na upondo. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kidogo, kusimama, kusukuma kidogo, kusimama. Yeye alivuta mabua ya mpunga kwa kijiti kilichopinda, akayakusanya kifuani, akayazungushia kamba, akayainamisha vichwa, akafunga. Halafu akaniashiria kwa kidole bila kugeuka, nami nikasukuma tena, kama punda wa mtu.

Fundo alilofunga lilikuwa la mama yangu.

Ziwani kwetu mpunga huota wenyewe majini, na kila mwanamke alikuwa na fundo lake. Wiki mbili au tatu kabla mpunga haujaiva tuliingia na kuufunga matita matita, ndege wasiumalize na upepo usiumwage, na aliyepita baadaye aliangalia fundo tu akajua hapa ni pa nani. Hatukuhitaji ua wala mlinzi. Fundo la mama lilizunguka mara tatu kwenda juu, ncha ikapita chini na kuvutwa nyuma, likalala bapa bila mkia. Watu wazima walilitambua kwa mbali. Mimi nililitambua tangu sijajua kuvaa viatu mwenyewe, na nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti pekee wa yule mama, na bado sikuwa nimefundishwa kulifunga.

Sasa nina miaka sabini na minane na nimeshasema uongo wa kutosha juu ya mwaka ule. Huu si uongo: nilimwonea wivu Susette mpaka chakula kilinishinda.

Mama alitutangazia jambo lile asubuhi moja tukinywa chai, mlangoni, mbele ya mama mdogo Naansi, ambaye hakuwa mtu wa kusikia kitu akakiacha kipoe. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho ya mama yote mawili. Alitambua mchana na giza, na umbo la mtu akisimama karibu, basi.

"Mwaka huu siingii ziwani," alisema. "Susette atafunga. Maanii atasukuma."

"Susette halijui fundo lako," nikasema.

"Analijua. Nilimfundisha majira ya baridi."

Majira ya baridi. Wiki nne nzima za majira yale nilikuwa kwa huyo huyo mama mdogo Naansi, namuuguza mapafu, namtemesha makohozi kwenye kopo. Nilikuwa namuuguza ndugu yake, na nyumbani kwetu, kando ya jiko letu, mgeni alikuwa amekalia kigoda changu akifundishwa kazi ya mikono ya mama yangu. Nilimtazama Susette. Alikuwa anamnyonyesha mtoto na ameinamisha uso, masikio yamemwiva.

"Maanii, funga mdomo, nzi wataingia," alisema mama mdogo.

Susette alikuwa mke wa kaka yangu Batiis. Alitoka Ziwa la Mchanga, safari ya siku mbili kwa mtumbwi, hana baba wala mama, alilelewa na shangazi aliyekuwa na watoto wengi kuliko sahani. Alikuja kwetu na shali moja na blanketi moja. Alikuwa mpole, mchapakazi, na alikuwa na sauti nzuri, mambo matatu ambayo mtu hawezi kumlaumu mwenzake kwayo hadharani. Mama alimwita "mwanangu." Mimi aliniita "wewe." Wewe, lete kuni. Wewe, mtoto analia.

Siku ile nilimfuata mama alipokwenda kukaa juani.

"Kwa nini si mimi?"

Hakujifanya hajaelewa. "Wewe unaye mama," alisema. "Yeye ana nini?"

"Ana mwanao."

"Mwanangu yuko msituni anakata miti ya watu miezi minane kwa mwaka." Alinyoosha mkono kunitafuta, nami nikasogea kando kidogo ili asinipate. "Usinune, Maanii. Kusukuma nako ni kazi."

Lazima niseme na upande wake. Alikwisha kujaribu kunifundisha, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Mimi ni mtu wa mashoto, na kila alipoizungusha kamba kulia mimi niliizungusha kushoto, fundo likatoka limegeuka. Alicheka, akasema fundo langu linaangalia nyuma. Hakuwa na nia mbaya, lakini mimi niliitupa ile kamba majini nikaenda kukaa chini ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka njaa iliponitoa. Alisema tutajaribu tena mwaka ujao. Mwaka ujao kulikuwa na msiba, na uliofuata Batiis alivunjika mguu, na baada ya hapo halikutajwa tena. Mimi nilikuwa nangoja anikumbuke. Siku hizi nafikiri huenda yeye alikuwa anangoja niombe.

Basi tukafunga safu sita, Susette na mimi, katika hori ndogo ya mama upande wa kusini. Ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Siku tuliyoifunga Susette aliimba, wimbo wa kumlaza mtoto, kwa sababu maziwa yalikuwa yamemjaa na alikuwa anamkumbuka mtoto aliyebaki kambini kwetu ufukweni, amefungwa kwenye ubao wake wa kubebea. Maji yalitulia, mpunga umetuzidi kimo pande zote mbili, ndevu zake zinatuingia shingoni na kuwasha. Kwa mtu mwingine ingekuwa siku nzuri. Mimi nilihesabu mafundo yake nikitafuta moja lililokosewa, na mpaka jua linapinduka sikulipata.

Ilipofika siku ya tisa baada ya kufunga, mama alinituma nikakate matete ya kusukia mikeka. Nilikwenda peke yangu na mtumbwi mdogo. Matete yako upande wa kaskazini. Mimi nilielekea kusini.

Nilijiambia nakwenda kuangalia tu. Ilikuwa saa sita mchana, hakuna upepo, na matita yalisimama kwenye safu zake, kila moja limeinamisha kichwa. Nilisogea mpaka kwenye safu ya pili nikashika fundo la kwanza. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko mafundo ya mama ya miaka ile miwili ya mwisho, maana macho yalikuwa yameshaanza kumwangusha na mikono ikawa na wasiwasi. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa amekosea ningemcheka, ningemsengenya kwa mama mdogo Naansi, na mambo yangeisha hapo. Lakini alikuwa amefunga fundo la mama kuliko mama.

Nikalifungua.

Nikafungua na la pili, nikijiambia kwamba nataka kujifunza jinsi linavyokwenda. Nilipofika la kumi nilikuwa nimeshaacha kujidanganya. Nilifungua safu nzima kutoka mwisho hadi mwisho, na mabua yalijinyoosha polepole yenyewe, mengine yamebaki na kibyongo. Mikono yangu haikutetemeka. Ningependa kusema ilitetemeka.

Na hapa nilifanya kosa ambalo mtu asiye wa nyumba yetu asingelifanya. Kamba ile sikuitupa. Mtu wa mahali pengine angeiachia iende na maji na habari ingeishia huko. Lakini kamba ya kufungia mpunga ni kazi ya majira yote ya joto. Unabambua magome ya miti michanga, unayaloweka ziwani siku kadhaa, unayachemsha, unayachana kwa kucha mpaka yawe membamba, unaunganisha kipande kwa kipande, pingili elfu. Nyumbani kwa mama yangu mtoto aliweza kuvunja kikombe akasamehewa, lakini aliyetupa kamba alikosa usingizi. Kwa hiyo kila nilipofungua nilikunja, nafungua huku nakunja, bila kufikiri, kama nilivyokunja maisha yangu yote. Nilimaliza na madonge matatu makubwa miguuni. Niliyaficha chini ya matete machache niliyoyakata njiani ili nisirudi mikono mitupu, na jioni nikayatia katika kapu la kamba ghalani, chini kabisa.

Siku hiyo Susette alikuwa amepika samaki. Alinitengea kichwa, ambacho kila mtu alijua nakipenda.

"Kula, wifi," alisema. "Umechoka na jua."

Nikakila chote, na macho yake.

Dhoruba ilikuja siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa kwa mavuno. Ilitoka kaskazini magharibi baada ya chakula cha mchana, saa mbili za upepo na mvua ya mawe madogo. Tulikaa ndani tukishikilia mikeka ya mlango. Mama alikuwa amemshika Susette mkono, akasema, "Usiogope, mwanangu. Uliofungwa haumwagiki." Susette akaitikia kwa kichwa.

Mzee Babaamaash, aliyechaguliwa mwaka ule kusimamia ziwa, alitia tumbaku majini, sadaka ya ziwa, akasema tuingie. Batiis alikuwa amerudi kutoka msituni kumsukumia mkewe mtumbwi, kama desturi. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi wa mama mdogo Naansi, nyuma yao. Safu ya kwanza ilikuwa salama. Susette alifungua tita, akalilaza juu ya ukingo wa mtumbwi, akaligonga kwa vijiti viwili vya mwerezi, kidogo tu, na punje zikamwagika ndani zikilia kama mvua. Halafu wakageukia ya pili.

Haikuwa na kitu. Mabua yalikuwa yamesimama wima, vichwa vitupu, unaona mbingu katikati yake. Batiis alishika bua moja, akalipukuta, hazikudondoka hata punje tano.

"Ulifunga nini hapa?" alimwuliza. "Ulifunga hewa?"

"Nilifunga," Susette alisema.

"Fundo liko wapi, basi? Nionyeshe moja tu."

Mitumbwi mingine ilianza kusogea. Ziwani hakuna siri, sauti inakwenda mbali juu ya maji. Mama mdogo Naansi alinyoosha shingo, akatazama, akasema kwa sauti ya watu wote, "Hawa wa Ziwa la Mchanga, nasikia hufunga kwa mate." Wanawake wakacheka. Hawakuwa wabaya. Mtu anacheka jambo la mwenzake kabla halijamfika lake.

Susette aligeuka kwenye mtumbwi mpaka ukayumba. Alikuwa ananitafuta mimi. "Maanii alikuwepo," alisema. "Siku tatu tulikuwa wote. Mwulizeni Maanii kama sikufunga."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na nafasi, nami nakumbuka urefu wake, ilikuwa kama muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Ningeweza kusema: amefunga, nimeona kila fundo. Isingenigharimu kitu, hakuna aliyekuwa ananishuku.

"Mimi nilikuwa nasukuma," nikasema. "Sikuwa nikitazama mikono yake."

Susette akageukia mbele tena.

Tulipoteza kama magunia manne. Si njaa ya kuua, lakini ni tofauti kati ya mtu kula akashiba na mtu kula akabakiza kwa ajili ya watoto. Batiis hakumpiga, hakuwa mtu wa hivyo, ila aliacha kusema naye. Kambini tulikaanga mpunga katika masufuria makubwa, tukaukanyaga shimoni kwa viatu vipya vya ngozi, tukaupeta, na ile harufu ya mpunga unaokauka kwa moshi, ambayo nimeipenda tangu utoto, mwaka ule sikuitaka. Mama alitaka aelezwe jambo lote tangu mwanzo. Batiis akamweleza.

"Na kamba?" mama akauliza.

"Imezama, labda."

"Kamba yote?"

"Mama, kulikuwa na dhoruba."

Akatikisa kichwa akaacha. Batiis alirudi msituni siku nne kabla ya wakati wake, hakuaga isipokuwa kwa mama. Asubuhi ile ile Susette alifunga blanketi lake na shali yake, akamtwika mtoto mgongoni. Mama alisikia tu miguu ikizunguka.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

Susette alisimama na mzigo wake katikati ya chumba, machozi yanamtiririka, na mama akanyanyuka, akapapasa ukuta, akapapasa meza, akamfikia. Alimfuta machozi kwa kiganja, shavu moja, halafu la pili. Mimi nilikuwa pale na ndoo ya maji mkononi. Mtu mwenye haya angekuwa ameona haya. Mimi, baada ya yote niliyoyafanya, nilimwonea wivu kwa machozi yake. Sikumbuki mama kunifuta mimi.

Hakwenda. Alikaa majira yote ya baridi, akifanya kazi za watu wawili, akijitazama mikono wakati anadhani hakuna anayemwona. Nilidhani fundo lake likishapata doa mama atanigeukia. Mama alizidi kumwita karibu. Walikaa kando ya jiko, bega kwa bega, na mama akimsimulia mambo ya zamani ambayo mimi niliyasikia nikipita na kuni.

Katikati ya baridi ile, theluji imefika madirishani, mama aliagiza aletewe kapu la kamba alichambue. Kazi hiyo haikuhitaji macho. Alitoa donge moja moja, akalipapasa, akatafuta palipokatika, akaunganisha. Susette alikuwa amelala na mtoto. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa mpunga na mafuta ya kulungu, na nilikuwa nayatazama yale madonge yakipungua kapuni, juu kwenda chini.

Mkono wake uliingia, ukatoka na la kwangu.

Watu wote wa nyumba ile walikunja kamba kwa kulia. Ni mimi tu niliyekunja kwa kushoto. Vidole vya mama vilizunguka donge lile kufuata uzi, vikasimama. Vikazunguka tena. Alilishusha mapajani, akaingiza mkono, akatoa la pili, halafu la tatu. Alikaa nayo yote matatu mapajani muda mrefu. Uji uliungua chini, nikausikia ukiungua, sikuweza kuukoroga.

Halafu akayarudisha kapuni, taratibu, akayafunika na mengine.

"Wewe," alisema. "Nipe chai."

Nikampa chai. Nilisimama mbele yake nikingoja. Alikunywa, akanirudishia kikombe, akasema uji unaungua.

Nilingoja majira yote ya baridi aseme. Nilingoja theluji ilipoanza kulainika tukahamia msituni kuchemsha utomvu wa miti mpaka uwe sukari. Alinipa mimi kipande cha kwanza, kama kila mwaka, akakiweka kiganjani mwangu akanifunga vidole juu yake. Nilingoja samaki walipopanda mto. Kila aliposema "Maanii" nilidhani ni sasa, kumbe anataka nimwashie kiko. Afadhali angenipiga. Mtu akikupiga mnalingana kidogo. Na kumwambia Susette mwenyewe sikuthubutu, maana kila siku iliyopita ilifanya jambo lile kuwa baya zaidi, na kwa kweli, niseme yote, bado nilikuwa na hasira naye.

Mwezi wa nane mama alisema anataka kupelekwa ziwani. Tukamshangaa.

"Kuona nini?" akauliza mama mdogo Naansi.

"Kushika."

Tulimketisha katikati ya mtumbwi. Susette alikaa mbele, mimi nyuma na upondo. Naansi alitufuata na mtumbwi wake, kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani penye jambo. Tuliingia katika hori. Safu ya kwanza ilikuwa kama siku zote, ya tatu pia, na zile za ndani zilikuwa nyembamba kidogo kuliko mwaka uliopita.

Ya pili hatukuweza kuipita. Mpunga ulikuwa umebanana kiasi kwamba pua ya mtumbwi ilikataa, nikasukuma mpaka upondo ukapinda. Mabua manene, vichwa vizito, vya kijani vikianza kuingia zambarau. Mama alinyoosha mikono yote miwili pembeni akaitia ndani yake hadi kwenye viwiko.

Mpunga wetu, manoomin tunavyouita, ni wa mwaka mmoja. Baridi ikifika unakufa wote, shina na mzizi, hakuna kinachobaki. Mwaka unaofuata huota ule tu uliotuponyoka, uliodondoka majini ukalala kwenye tope chini ya barafu. Tuliouchukua tumeula. Na safu ile haikuchukuliwa kitu. Ilimwagika yote.

Mama mdogo Naansi alipiga mluzi kama mwanamume. "Jamani, huku nako kapanda nani?"

"Maanii," alisema mama.

"Maanii?"

"Maanii ndiye aliyepanda. Safu hii ni yake tangu leo. Ataifunga mwenyewe." Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuomba chumvi, mikono yake bado ndani ya mpunga, uso ameuelekeza mbele kwenye kitu asichokiona.

Naansi akacheka, akidhani ni utani au ni sifa. "Haya, binti, umepata shamba. Bado mume."

Susette hakucheka. Aligeuka taratibu, akanitazama kupita juu ya kichwa cha mama. Sijui mtu huchukua muda gani kupanga mambo ya mwaka mzima upya kichwani mwake. Niliona anavyoyapanga. Niliona alipofika kwenye siku ile ya kufungua ziwa, na maneno yangu.

Tulipofika ufukweni kambini tulimsaidia mama kushuka, Naansi akamshika mkono wakaenda. Susette alibaki, miguu majini, ameshika ukingo wa mtumbwi.

"Batiis alikaa miezi saba bila kunitamkia wala kunitumia neno," alisema. "Mimi nikajua mikono yangu ina kasoro. Nikimfunga mtoto nguo nafunga mara mbili. Nikifunga mlango narudi kuangalia."

"Wifi..."

"Usiniite hivyo leo."

Mawimbi madogo yalikuwa yanaugonga mtumbwi kwenye mawe. Nilimwuliza kitu ambacho naona aibu kukiandika, maana hata saa ile nilikuwa najifikiria mimi. Nilimwuliza kama atamwambia Batiis.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mama amekwisha sema," alijibu. "Nikisema na mimi itakuwa maneno mengi." Akauvuta mtumbwi nchi kavu peke yake, akaenda kumtazama mtoto.

Kesho yake niliifunga safu ya pili. Nilitumia fundo langu la mashoto, kwa kuwa sikuwa na jingine, na mama hakuja kulipapasa. Tulitoa magunia saba pale. Niliwapa Susette na Batiis matano na wakayapokea, na kati yangu na Susette hapakusemwa lolote zaidi.

Siku hizi hakuna anayefunga mpunga. Watu wanaingia na kugonga tu, saa chache, wanaondoka na malori. Lakini pale mahali jina limebaki. Wanapaita Kwa Maanii. Wajukuu zangu wanapeleka wageni kuona, wanajivuna, na mwalimu mmoja aliwahi kuja na watoto ishirini wa shule wakaniuliza: bibi, ni kweli ulipanda wewe? Nikasema ndiyo. Susette alikuwa amekaa kando yangu na ungo mapajani, anapeta. Hakuinua hata uso.

Aliishi sana. Tulikuwa marafiki katika baadhi ya miaka na mingine hatukuwa. Tuligombana juu ya watoto, juu ya ardhi, juu ya nani amwuguze mama mwishoni, na nilimwambia maneno makali mara nyingi, kwa sababu mdomo wangu ndivyo ulivyo. Miaka hamsini na sita alikuwa na neno moja la kunimaliza nalo mbele ya watu wote, na kila tulipogombana nilikaa nikilingoja. Hakulisema kwa mumewe wala kwa wanawe. Alizikwa mwaka juzi, nalo likaenda naye.

Mimi nisingeweza. Najijua, ningelisema mwaka wa kwanza. Hata hilo namwonea wivu.